Faili la Vumbi

Bwenini, 4 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefika shule salama na nimepata kitanda cha juu, karibu na dirisha. Kikohozi kimeanza tena lakini si cha kukutia wasiwasi. Bibi nilimwacha mzima. Goti lake linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anasahau kwamba lilikuwa likiuma. Anakusalimu sana. Kuku wake mweupe alitaga mayai mawili ndani ya begi langu siku ya kuondoka, na Bibi alinilaumu mimi, eti kwa nini nililiacha wazi.

Nina ombi. Mwalimu wa hesabu alimtaka kila mmoja aeleze kazi ya mtu mmoja wa nyumbani kwao. Nilisimama nikasema mama mdogo wangu anashughulikia picha za macho kwenye kliniki. Msichana ninayelala juu yake, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, akauliza, "Picha za pasipoti?" Nikasema hapana, ni picha za ndani ya jicho. "Ndani anaingiaje? Anabisha hodi?" Darasa zima lilicheka. Nilitaka kujibu nikagundua sijui. Miaka yote nimeishi likizo zangu kwako, nimekuona ukitoka asubuhi na kurudi jioni, na sijui unafanya nini huko katikati.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Uliza, kisha uje utufundishe." Simu haziruhusiwi hapa, unajua, kwa hiyo nakuomba uniandikie kila kitu, hata kama ni kigumu. Nitakisoma mara nyingi mpaka kiingie.

Mwanao,
Penseli


2 Machi

Mwanangu Penseli,

Marahaba. Kikohozi hicho umwambie matroni, usikifanye siri. Nimefurahi kwamba Bibi analaumu watu, maana yake ana nguvu. Mimi sijambo. Kazini tumepata kamera ya pili na chumba kimekuwa kidogo, tunapishana kwa ubavu.

Sasa mwambie huyo Redio kwamba hatubishi hodi, tunaingia na mwanga. Mwenzangu humkalisha mgonjwa mbele ya kamera, na kamera inapiga picha kupitia mboni mpaka ukuta wa nyuma wa jicho, unaoitwa retina. Picha inakuja kwenye kompyuta yangu. Mimi naisafisha, naiongezea tofauti kati ya giza na mwanga ili mishipa ionekane, kisha naipeleka kwa Daktari. Yeye ndiye anayesema huu ni ugonjwa au si ugonjwa.

Kompyuta haioni picha kama wewe. Inaona namba. Picha imekatwakatwa miraba midogo sana, kila mmoja unaitwa pikseli, na kila pikseli ina namba ya mwanga wake. Kwenye kompyuta yangu namba hizo huenda mpaka mamia na pikseli ni mamilioni. Wewe nakupa chache. Sifuri ni giza kabisa, tisa ni weupe kabisa. Hili ni jicho la kushoto la mgonjwa mmoja, nimelipunguza mpaka miraba arobaini na minane:

6 6 7 6 6 6 7 6
6 7 7 6 6 7 6 6
7 9 9 7 6 6 6 6
7 9 9 6 6 1 6 7
6 7 7 6 6 6 7 6
6 6 6 7 6 6 6 6

Chora miraba yako, upake penseli nzito penye namba ndogo na uache karatasi nyeupe penye tisa. Zile tisa nne ni duara ambapo mshipa wa fahamu unaingia jichoni. Kila jicho zima linalo.

Ile moja ndiyo inayonisumbua. Inaweza kuwa chembe ya vumbi kwenye lenzi ya kamera. Inaweza pia kuwa tone la damu linalovuja nyuma ya jicho. Likiwa vumbi, hakuna neno. Likiwa damu, Daktari huizuia kwa sindano; mwenye jicho akichelewa, jicho hilo litapoteza katikati yake. Akikutazama ataona masikio yako na nywele zako, lakini uso hatauona.

Vumbi tuna njia ya kuliondoa. Chukua ile namba pamoja na majirani zake wanane. Zipange hizo tisa kuanzia ndogo hadi kubwa, halafu uchukue iliyo katikati, ya tano, uiweke mahali pa ile ya zamani. Hicho ni kichujio. Kijaribu uone.

Mgonjwa mwenyewe anaomba liwe vumbi.

Mama yako mdogo


16 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Matroni amenipa dawa chungu na kikohozi kimekimbia, nadhani kwa woga. Barua yako imekunjika kwa kusomwa.

Nimefundisha! Darasani tuko arobaini na nane. Mimi nilikuwa naongoza, kwa hiyo mwalimu alichukua nafasi yangu, tukatimia sawasawa na picha yako. Tulitoka uwanjani, kila mtu akashika kadi yenye namba, mistari sita, watu wanane kila mstari. Mwalimu alipata tisa, mstari wa tatu. Redio nilimpa ile moja.

"Kwa nini mimi ndiye giza?" akalalamika.

"Kwa sababu utaonekana," nikamwambia, na akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Kisha tukafanya kichujio. Majirani zake wanane walisoma kadi zao. Saba walikuwa na sita, mmoja alikuwa na saba. Tukazipanga, ya tano ikawa sita. Nikamwambia Redio aigeuze kadi yake aandike sita.

"Yaani mmenipigia kura nikafa?"

Kengele ililia kabla hatujafanya wengine, lakini kila mtu alielewa. Nilirudi bwenini nikaichora picha bila ile moja. Imekuwa safi kabisa, mama mdogo, kama jicho la mtoto. Mwambie mgonjwa wako asiogope, lilikuwa vumbi.

Mwanao mwenye furaha,
Penseli


9 Mei

Mwanangu Penseli,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Mambo yalikuwa mengi. Natumia kalamu hii nene kwa sababu ile nyembamba imekauka. Bibi amenipigia kupitia simu ya jirani, goti lake halijambo, na kuku mweupe sasa anataga juu ya kabati.

Nilicheka sana juu ya kura. Barua yako imenitua mzigo. Hapa kazini tuna faili kwenye kompyuta tunaloliita faili la vumbi. Picha yenye chembe ya lenzi tunaiweka humo ili isimpotezee Daktari muda wake, kwa sababu ana foleni mpaka mlangoni. Ni mimi ninayeamua ipi iingie humo. Ile ya mgonjwa wetu nimeiweka humo. Umefanya vizuri.

Mgonjwa bado ana wasiwasi wa bure. Kila asubuhi anafunika jicho la kulia kwa kiganja, anatazama saa ya jikoni kwa lile la kushoto. Ule mshale mrefu uliopinda anauona umekatika katikati. Nadhani ni uchovu. Wanaokaa mbele ya skrini huchoka macho.

Somo la leo ni kutoa. Ukiwa na picha mbili za kitu kimoja, za siku mbili tofauti, kwanza unaziweka moja juu ya nyingine mpaka alama zake zikae pamoja. Halafu unatoa namba kwa namba. Penye sifuri hakuna kilichobadilika. Penye kitu kingine chochote, pana habari.

Soma sana. Usikeshe.

Mama yako mdogo


21 Mei

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha siku nne na nguo zetu hazikauki. Redio anavaa soksi zangu, anasema rangi inampendeza yeye zaidi.

Barua yako nimeisoma polepole. Mistari ilikuwa inashuka kuelekea kulia na maneno mawili yalikuwa yamepandana. Saa ya jikoni kwako bado inatembea?

Kuna jambo nililikosea na lazima nikuambie. Mwalimu alisema kichujio si cha Redio peke yake, kama ni sheria basi imguse kila mtu. Tukarudi uwanjani. Tulipofika kwa mwalimu, yeye na majirani zake walikuwa na sita moja, saba nne, na tisa nne. Ya tano ni saba. Akaigeuza kadi yake akaandika saba. Tisa wengine watatu yakawakuta hayohayo. Duara lote jeupe likatoweka.

Mwalimu akasimama pale na kadi yake, akasema, "Na mimi mmeniondoa. Sasa jicho hili halina mshipa wa fahamu. Mimi pia nilikuwa vumbi?"

Kichujio hakijui vumbi wala damu, mama mdogo. Kinajua tu kwamba kitu ni kidogo na majirani zake hawafanani nacho. Mimi nilikuandikia "lilikuwa vumbi" kana kwamba nimeona, na sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa nimefuta tu.

Nakuomba picha ya pili ya jicho lile. Mwambie mwenzako amwombe mgonjwa aangalie pembeni kidogo, jicho ligeuke. Sitasema kitu mpaka nione.

Mwanao,
Penseli


25 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilikufikia. Bibi aliandikiwa na wewe, na jirani aliyemsomea akamwambia mwandiko wako umelewa. Bibi alimfukuza. Lakini ameniandikia kwa mkono wa mtu mwingine kuniuliza kama ni kweli, na sijamjibu kwa sababu sijui la kumjibu.

Bado nasubiri picha.

Penseli


18 Julai

Mwanangu,

Barua zote mbili nilizipata. Mimi ni mzima. Mwambie Bibi nimeharibu mwandiko wangu kwa haraka tu.

Hii hapa. Jicho lilelile, limegeuzwa kidogo kama ulivyotaka. Namba nimezikagua mara tatu. Mimi picha hii nimeizoea mno, nikiitazama naona kile ninachotaka kukiona. Itazame wewe.

6 6 7 7 6 6 7 6
7 7 9 9 7 6 6 6
6 7 9 9 6 2 1 6
6 6 7 7 6 6 2 7
6 6 6 6 7 6 6 6
7 6 6 6 6 6 6 6

Mama yako mdogo


29 Julai

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za soksi wala za mvua. Bibi ni mzima. Nimepata barua yako jana mchana na nimefanya kazi hii mara nne. Mara ya tatu niliomba mwalimu akae karibu nami asiseme kitu.

Duara jeupe limehama. Zamani lilianza mstari wa tatu, namba ya pili. Sasa linaanza mstari wa pili, namba ya tatu. Maana yake jicho lote limesogea mraba mmoja kulia na mraba mmoja juu.

Vumbi liko kwenye lenzi. Jicho likigeuka, vumbi linabaki pale pale. Kwa hiyo nilitafuta ile moja mahali pake pa zamani, mstari wa nne, namba ya sita. Pana sita. Pako safi. Ile moja iko mstari wa tatu, namba ya saba. Imesogea mraba mmoja kulia na mraba mmoja juu, ikiandamana na duara. Vumbi halitembei na jicho, mama mdogo. Doa hili ni la jicho.

Kisha nikaziweka picha moja juu ya nyingine kama ulivyonifundisha, duara juu ya duara, nikatoa. Nilipata sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima wa sifuri, na mahali pawili, ubavuni mwa ile moja na chini yake, nikapata nne. Doa limekua.

Sasa nitasema jambo la pili, nawe usinikasirikie. Najua saa moja tu duniani yenye mshale mrefu uliopinda. Niliupinda mimi nikiwa na miaka saba, nilipopanda kiti kuusogeza mbele ili ufike haraka wakati wa kutoka kwako kazini. Ulisema tuuache hivyo hivyo. Mgonjwa anayetazama saa hiyo kila asubuhi ni mtu gani, kama si mwenye jiko?

Najua pia kwa nini ulificha. Bibi alinisimulia ulivyomkimbia muuguzi wa chanjo utotoni ukajifungia chooni mpaka akakata tamaa akaondoka. Na najua hakuna atakayekulaumu kazini ukikosea kidogo, ila wewe mwenyewe. Lakini ulijiweka kwenye faili ambalo Daktari halifungui, na mimi ndiye niliyekupa ruhusa, kwa kura ya wasichana tisa uwanjani.

Naifuta ruhusa hiyo. Itoe picha humo. Mpelekee Daktari zote mbili pamoja na karatasi yangu ya sifuri, nimeiambatisha. Ukiogopa sindano, ogopa ukiwa umekaa kwenye kiti chake.

Sitaki nije likizo unione masikio tu.

Penseli


20 Septemba

Mwanangu Penseli,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu na nimeuandika kwa siku tatu, mistari michache kila siku. Nimemwambia Bibi mwenyewe. Alilia kidogo, kisha akanigombeza sana, na baadaye akauliza kama kliniki ina viti vya kupumzikia wasindikizaji. Anakuja mwezi ujao. Kuku anaachiwa jirani yuleyule aliyefukuzwa.

Barua yako nilikaa nayo siku sita. Sitakudanganya, siku tano za kwanza nilikukasirikia. Nilikuwa nimemwambia mwenzangu apige picha ya jicho langu eti tunajaribu kamera mpya. Yeye hakushuku. Nilipoona ile moja nilijua, mwanangu, nadhani nilijua siku ileile. Nimeona mamia ya madoa ya wengine. Nikawafikisha wote kwa Daktari, hata wale niliokuwa na shaka nao kidogo tu. Langu peke yake ndilo nililoliita vumbi. Nilijiuliza, mtu wa picha akikosa jicho, atabaki kuwa nani? Nikaona bora nisijiulize.

Siku ya sita niliingia kwa Daktari na karatasi yako. Aliiangalia. Akauliza, "Nani amefanya hii?"

"Mwanangu. Yuko sekondari."

"Amefanya kwa kompyuta gani?"

"Penseli."

Akakivuta kile kiti cha wagonjwa akanionyesha kwa kidole nikae. Ndiyo, ni sindano, na ndiyo, ni ndani ya jicho. Muuguzi akaniambia nihesabu mpaka kumi. Ilikwisha kabla sijamaliza kuhesabu kumi. Nimepata mbili, bado ya tatu.

Sasa chukua picha yangu ya Julai. Pale penye namba mbili, mahali pote pawili, uandike tano. Nyingine zote ziache zilivyo, na ile moja pia. Hiyo ndiyo picha ya wiki hii. Damu imenyauka pembeni. Katikati Daktari anasema ni kovu, limekaa, halitaondoka. Mshale wa saa bado umekatika, lakini kipande kilichokatika kimekuwa kidogo. Nikikutazama kwa jicho hilo peke yake, pengine nitaikosa pua yako. Uso uliobaki nitauona.

Hapa kazini sheria imebadilika. Picha haiingii faili la vumbi mpaka ipigwe ya pili, jicho likiwa limegeuzwa. Wenzangu wameshaipa jina. Mgonjwa akikaa mbele ya kamera, utasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mpige na ya Penseli." Wewe bado unavaa soksi za kuazimana na jina lako linatajwa kliniki mara ishirini kwa siku.

Mama yako mdogo


2 Oktoba

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimemwandikia Bibi asisahau dawa ya goti. Soksi zimerudi, moja.

Kutoka Julai mpaka sasa nimepata tatu mara mbili, na kwingine kote sifuri. Mwalimu ameiweka karatasi ubaoni. Ananiazima kitabu chake cha hesabu za chuo, anasema nisiogope kurasa za mwisho, nizisome hata kama sizielewi bado. Naanza Jumamosi.

Leo darasa liliomba turudi uwanjani tuwe picha yako mpya. Sikuwaambia ni jicho la nani, lakini nadhani mwalimu anajua, kwa sababu alisimama kwenye tisa yake wima kabisa. Redio alichukua ile moja bila kuambiwa. Tulipokwisha kujipanga, mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Tufanye kichujio?"

Redio akaibana kadi yake kifuani kwa mikono miwili. "Nijaribuni," akasema. "Mimi hapa sifutwi."

Kwa hiyo hatukufanya. Nilirudi bwenini nikaipaka picha yako yote kwa penseli, miraba arobaini na minane, tisa nikaziacha nyeupe, tano nikazipaka kijivu chepesi. Ile moja nimeikoleza mpaka ikang'aa. Iko ukutani juu ya kitanda changu, na nikiamka ndiyo ninayoiona kwanza.

Mwanao,
Penseli